Kurekodi taarabu nyumbani kwa traki nyingi: hesabuni njia, si matundu

SWALI: Mimi ni mpiga fidla wa kikundi cha taarabu asilia hapa Unguja. Tuko saba: fidla, udi, ganuni, kodiani, besi ya umeme, dumbak na mwimbaji. Tunataka kurekodi wenyewe nyumbani, kila chombo kikae kwenye traki yake ili tusawazishe baadaye kwenye kompyuta. Laptopu tunayo, ya Windows, RAM yake GB 8. Muuzaji mmoja anatushauri tununue miksa ya USB ya chaneli 12, anasema itatosha na kubaki. Rafiki yetu mwenye studio anasema saundi kadi ndogo ya maiki mbili inatosha, kila mtu aingize sauti yake kwa zamu. Tumsikilize nani? Harusini huwa tunapiga kwa miksa na spika za kukodi.

JIBU: Dada yangu, msimsikilize yeyote kati ya hao wawili mpaka mjue jambo moja kuhusu kifaa mnachoonyeshwa: ni njia ngapi za sauti zinazofika kwenye kompyuta kwa wakati mmoja, kila moja ikiwa peke yake? Mengine yote, yaani aina ya maiki, programu, laptopu na hata chumba, mnaweza kuyarekebisha polepole. Hilo likikosewa siku ya kununua, hakuna ufundi utakaolirekebisha.

Nianze na miksa ya huyo muuzaji. Miksa nyingi za bei nafuu zenye USB hupokea maiki na ala nyingi, huzichanganya humo humo ndani, kisha hupeleka kwenye kompyuta njia mbili tu, kushoto na kulia. Zile chaneli 12 zilizoandikwa kwenye boksi ni za kuingia kwenye miksa. Mtapiga vizuri, mtarekodi, kisha mtafungua programu na kukuta traki mbili zilizobeba kila kitu. Udi ukiwa umezama chini ya kodiani, hamtaweza kuupandisha bila kuipandisha na kodiani. Ni tui lililokwisha kuingia mchuzini.

Zipo miksa zinazopeleka kila chaneli peke yake, lakini lazima mzitafute kwa jina kamili. Soundcraft Signature 12 MTK hupeleka njia 14 kwenye kompyuta na kurudisha 12. Ndugu yake Signature 12, isiyo na zile herufi tatu za mwisho, hupeleka mbili na kurudisha mbili. Mezani zinafanana sana, na muuzaji asiyerekodi anaweza kuamini kwa moyo safi kwamba ni kitu kimoja. Kwa hiyo msisome maandishi makubwa ya boksi. Someni karatasi ya maelezo, sehemu ya USB, mtafute maandishi kama 2×2 au 18×18, yaani njia za kwenda kwenye kompyuta na za kurudi. Hiyo ndiyo hesabu yenu.

Saundi kadi, yaani kiboksi kinachoingiza sauti za maiki kwenye kompyuta, nazo zina mtego wake, ila huu uko kwenye jina. Focusrite Scarlett 18i20 ni kifaa kizuri, na mtu akisoma 18 hudhani ataunga maiki 18. Maiki zake ni nane. Nane nyingine huingia kwa waya wa mwanga unaoitwa ADAT, na mbili zilizobaki ni za kidijitali za aina ya S/PDIF. Behringer UMC1820 imepangwa vivyo hivyo: maiki nane, ADAT nane, mbili za kidijitali. Wala si udanganyifu, kwa sababu njia zote hizo zinafanya kazi. Ni kwamba kwa mtu mwenye maiki mkononi, 18 maana yake ni nane.

Sasa rafiki yenu wa studio. Anachosema ni kweli kwa kazi anayoifanya kila siku. Kwenye bongo fleva mdundo hutengenezwa kwanza ndani ya kompyuta, kisha msanii huja kuimba juu yake, kisha waitikiaji, kisha labda mpiga gitaa. Kwa wakati wowote ule anayerekodiwa ni mtu mmoja. Maiki mbili zinamtosha, na wimbo wake ukimalizika unaweza kuwa na traki hamsini. Idadi ya traki za wimbo haina uhusiano na idadi ya maiki za saundi kadi. Kinachoamua ni watu wangapi wanapiga kwa pamoja wakati kitufe chekundu kimebonyezwa.

Na nyinyi mnapiga kwa pamoja. Sitaki kulipita hili haraka, kwa sababu hapa ndipo ushauri wa kawaida wa studio unapowaumiza watu wa taarabu. Fidla, udi, ganuni na kodiani mnafuata sauti moja, lakini kila mmoja anaipamba kwa mkono wake, na mapambo hayo yanatokana na kumsikia mwenzako papo hapo. Mwimbaji akilivuta neno, dumbak humngojea. Bashraf, kile kipande cha ala tupu cha kufungulia, haina mwendo mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kwenye taksim, pale mpigaji mmoja anapobuni peke yake, mapigo huachwa kabisa. Mkirekodi kwa zamu, wa kwanza atalazimika kupiga peke yake akifuata mlio wa kuhesabu wa kompyuta, na wote watakaokuja baada yake watamfuata mtu aliyekuwa akiifuata mashine. Itatoka safi, lakini uhai mlio nao mkikaa duara moja hautakuwemo. Bendi zilizorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, Mlimani Park wakiwa miongoni mwao, zilipiga pamoja ndani ya chumba kimoja, na watu bado wanazicheza.

Mtu mmoja tu ndiye ningemruhusu arudi peke yake: mwimbaji. Aimbe pamoja nanyi siku ya kurekodi ili awaongoze, kisha siku ya pili asikilize kazi yenu kwenye hedifoni na kuimba upya kwenye maiki bora, chumba kikiwa kimya. Ile sauti ya kwanza msiifute. Mara nyingi ndiyo inayobaki.

Kwa hesabu hiyo mnahitaji njia nane: saba zenu, na moja ya akiba kwa ajili ya maiki ya pili ya ganuni au maiki ya kunasa chumba kizima. Kuna namna tatu za kuzipata, nami nitawaambia ninayoipendelea.

Ya kwanza ni saundi kadi ya maiki nane, kama hizo mbili nilizozitaja au Tascam US-16x08. Hii ndiyo rahisi zaidi kujifunza, na zile zenye ADAT zinaacha mlango wazi: mkija kuongeza waitikiaji, mnachomeka kifaa kama Behringer ADA8200 na kupata maiki nane nyingine. Ya pili ni Zoom LiveTrak L-12, yenye maiki nane, ambayo hurekodi traki 12 kwenye kadi ya kumbukumbu hata kompyuta isipokuwepo, na ina matundu matano ya hedifoni, kila moja na mchanganyiko wake. Ya tatu ni miksa ya kidijitali isiyo na vitelezi, inayoendeshwa kwa tableti au simu, kama Behringer XR18: maiki 16, njia 18 kwenda kwenye kompyuta na 18 kurudi.

Mngekuwa mnarekodi tu, ningesema saundi kadi na kumaliza. Lakini umeniambia mnapiga harusini kwa miksa na spika za kukodi, na hilo linabadilisha uamuzi wangu. Miksa ya aina ya XR18 itawafanyia kazi mara mbili. Jumamosi inakuwa miksa yenu wenyewe jukwaani, mnakodi spika tu, na mpangilio wa sauti wa kila ala mlioutengeneza nyumbani mnaukuta umehifadhiwa. Laptopu ikichomekwa hapo hapo, na harusi yenyewe mnairekodi, kila ala na traki yake. Kikundi kinachojiendesha kwa malipo ya harusi kinunue kifaa kinachofanya kazi harusini. Jueni tu kwamba miksa hiyo haizidi kHz 48, yaani kuipima sauti mara 48,000 kwa sekunde, nayo inatosha kabisa. Msikubali kuambiwa kwamba bila kHz 96 muziki wenu hautasikika vizuri.

Maiki. Hapa watu wengi hutumia fedha vibaya kwa kununua maiki moja ya kifahari na kuacha nyingine sita ziwe za bahati nasibu. Kwa ala za nyuzi tafuteni kondensa, yaani maiki yenye usikivu mkali, kwa sababu ganuni na udi vina sauti laini na milio midogo ya kucha na mizrabu ambayo maiki ya dainamiki huipoteza. Jozi ya kondensa ndogo, zile nyembamba kama kalamu nene, itawafaa ganuni na fidla. Udi utapenda kondensa kama Audio-Technica AT2020. Hizi zote zinahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye miksa au saundi kadi, kwa hiyo hakikisheni kifaa kinatoa 48V hiyo. Dumbak apewe Shure SM57, ambayo haitishwi na pigo kali. Mwimbaji atumie SM58 akiwa chumba kimoja nanyi, kwa sababu haivuti sana sauti za majirani. Hizi Shure mbili zina bandia nyingi sokoni, na ukikuta mpya kwa bei ya kutupwa, jua umekuta bandia. Besi ya umeme haihitaji maiki: iingie moja kwa moja kwenye tundu lililoandikwa Hi-Z au alama ya gitaa, au ipitie kiboksi cha DI, kinachoifanya sauti yake ifae kwenye tundu la maiki.

Mahali pa kuiweka maiki pana uzito kuliko jina lake. Kwenye udi anzeni kama sm 30, mkielekeza pale shingo inapokutana na bakuli, si moja kwa moja kwenye tundu la katikati, kwani hapo hutoka mvumo mzito. Ganuni iangaliwe kutoka juu, sm 40 hadi 50. Fidla vivyo hivyo, maiki ikae juu ya kichwa cha mpigaji ikitazama chini, ili mkwaruzo wa upinde usitawale. Kodiani inatoa hewa na kelele za vitufe, kwa hiyo isogezeni mbali kidogo, nusu mita, upande wa mkono wa kulia. Kisha zingatieni kanuni ya mafundi: maiki na maiki ziachane angalau mara tatu ya umbali wa maiki na chombo chake. Kama ya udi iko sm 30, ya jirani isiwe karibu zaidi ya sm 90. Mkiivunja, sauti moja itafika kwenye maiki mbili kwa nyakati tofauti kidogo, na mkizichanganya udi utasikika mwembamba, kama unatoka ndani ya bomba. Kaeni nusu duara, dumbak mbali na ganuni, na migongo ya maiki ya ganuni na udi imtazame mpiga dumbak.

Sauti zitavujiana, na kiasi kidogo cha kuvujiana hakina ubaya. Ndicho kinachozifanya ala zisikike ziko chumba kimoja. Tena kuna faida ya mfukoni: mkiwa chumba kimoja mnasikiana kwa masikio yenu, hamhitaji hedifoni saba. Nunueni mbili za kufunika sikio, moja ya anayesimamia kompyuta na moja ya mwimbaji siku anayorudi.

Nyumba ina mchango mkubwa. Kama mnakaa Mji Mkongwe, vyumba vyenu pengine ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti, na kuta ni mawe na chokaa. Chumba cha namna hiyo hurudisha sauti haraka haraka kati ya kuta mbili zinazotazamana. Pigeni kofi moja katikati mtausikia mtetemo wake. Tibuni kwa vitu vizito na laini: mazulia sakafuni, magodoro yakisimamishwa kwenye ukuta mmoja mrefu, mapazia mazito yaliyokunjana. Trei za mayai ziacheni jikoni. Hazizuii kelele ya pikipiki kuingia, na kwa sauti nzito ya besi ni kama hazipo. Mkiwa na nyumba ya bati, rekodini nje ya masika, kwani hakuna programu itakayoitoa mvua kwenye ganuni bila kuiharibu. Feni izimwe wakati wa kurekodi na kuwashwa kati ya wimbo na wimbo.

Kuhusu laptopu yenu, acheni wasiwasi. Traki moja ya biti 24 kwa kHz 48 hula MB 8.64 kwa dakika. Nane ni kama MB 69, yaani takriban GB 4.1 kwa saa nzima. Kwa kasi, traki nane ni megabiti 9 na ushee kwa sekunde, wakati USB 2.0 ya zamani imetengenezwa kubeba hadi 480. RAM ya GB 8 inatosha kurekodi, na itaanza kubana siku ya kusawazisha tu mkijaza vinakshi vingi, yaani viprogramu vya kupamba sauti. Kama ndani bado kuna diski ya zamani ya kuzunguka, hapo tumieni fedha kidogo muweke SSD, yaani diski isiyozunguka, maana itaondoa kukwama na kelele pia. Siku ya kurekodi zimeni Wi-Fi, mchomeke waya wa USB kwenye laptopu yenyewe bila kupitia kigawanyio, na muweke draiva ya ASIO ya mtengenezaji wa kifaa chenu, yaani programu ndogo inayokiunganisha kifaa na programu ya kurekodi. Bila hiyo Windows inaweza kuwaonyesha njia mbili tu hata kwenye kifaa cha 18, na mtadhani mmeuziwa kibovu.

Ucheleweshaji wa sauti unaowatisha wengi utamgusa mwimbaji atakaporudi peke yake, basi. Bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kabla ya kukifanyia kazi, ikiwa ya sampuli 128 kwa kHz 48 ni chini ya milisekunde 3 kwa upande mmoja. Ya 1024 ni zaidi ya 21, na mwimbaji ataanza kujikwaa. Wekeni ndogo wakati wa kurekodi, kubwa wakati wa kusawazisha. Bora zaidi, ajisikie moja kwa moja kutoka kwenye miksa kabla sauti haijapita kwenye kompyuta, na tatizo litakuwa limekwisha.

Programu ninayowapendekezea ni Reaper. Ni nyepesi, haina kikomo cha traki, mnaijaribu siku 60 ikiwa kamili, na leseni ya bei ya punguzo ni dola 60. FL Studio inapendwa sana na watengeneza midundo, lakini toleo lake la chini, Fruity, halirekodi sauti kutoka kwenye maiki, na kazi yenu si midundo. Msikubali kupewa toleo lililovunjwa kwenye flashi. Virusi vinavyokuja nalo vitakula kazi ambayo hamwezi kuirudia. Mkirekodi, kilele cha sauti kiishie karibu −12 dB, kisiguse sifuri. Kwa biti 24 hakuna faida yoyote ya kusukuma hadi taa nyekundu. Na mkija kwenye kusawazisha, mtu asiwashe kinyoosha sauti, yaani programu ya kusahihisha noti, kwenye fidla au mwimbaji pale maqamu (ngazi ya sauti ya wimbo) ina robo sauti. Programu hizo kwa kawaida hupangwa kwa ngazi 12 za piano, na zitaisukuma maqamu yenu ya Rast mpaka iwe wimbo mwingine.

Umeme nauweka karibu na mwisho, ila usisahauliwe. Laptopu ina betri, lakini vifaa vyote vya maiki nane nilivyovitaja vinategemea adapta au soketi, kwa hiyo umeme ukikatika kompyuta itabaki hai lakini sauti hazitaifikia. UPS ndogo ya dukani, yaani betri ya akiba, inavitosha. Mkisikia mvumo wa chini usiokoma, chomekeni kila kitu kwenye kigawanyio kimoja cha umeme, mjaribu laptopu kwa betri yake bila chaja, na kama ni besi, bonyezeni kitufe cha kukata ethi kwenye DI. Msikate kamwe waya wa ethi kwenye plagi. Mtu anayeshika nyuzi za chuma huku mdomo wake uko kwenye maiki anaweza kufa kwa hilo.

Hewa ya chumvi na unyevunyevu wa kisiwani vinaua kondensa polepole. Zikimaliza kazi zirudi kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Mkiwa na fedha nusu, nunueni kwa mpangilio huu: miksa au saundi kadi yenye njia za kutosha, maiki za udi, ganuni na dumbak, stendi imara na nyaya nzuri za maiki (XLR), hedifoni, UPS. Maiki zilizobaki mnaweza kuazima kwa siku mbili. Spika za monita zisubiri. Sawazisheni kwa hedifoni, mkasikilize kwenye gari la mtu, kwenye simu na kwenye spika za harusi.

Na kabla ya kulipa, nendeni dukani na laptopu yenu ikiwa na Reaper, draiva ya ASIO ya kifaa hicho mliyoipakua nyumbani, maiki moja na waya mmoja. Chomekeni kifaa, fungueni orodha ya njia za kuingilia, mzihesabu. Kisha pitisheni ile maiki tundu kwa tundu, mkisema neno moja kwenye kila moja, na muangalie kama linatokea kwenye traki yake na si kwenye nyingine. Ni kazi ya dakika kumi. Muuzaji akiwakatalia, tafuteni duka jingine.